Mfano wa Glasgow na Jina la Injini ya Mvuke

Wasemaji wa Kiswahili walipoiona kwa mara ya kwanza treni ivutwayo na injini ya mvuke, waliiita gari la moshi. Jicho liliona moshi, na ulimi ukataja kilichoonekana. Vivyo hivyo neno stima, lililoingia kutoka Kiingereza kuwa jina la meli iendayo kwa mvuke, limekuja kuwa jina la umeme huko Kenya. Hatuna sababu ya kuyadharau majina hayo. Umma una haki ya kutaja ukionacho. Lakini mfasiri wa kitabu cha sayansi ana wajibu mwingine. Yeye hana budi kujua ni kitu gani hasa kinachofanya kazi.

Tumekumbushwa jambo hili na miswada ya tafsiri ambamo, zaidi ya mara moja, tumesoma kwamba katika injini ya Thomas Newcomen mvuke huisukuma pistoni. Msamiati wa sentensi hiyo ni sanifu, na sarufi yake haina dosari. Hata hivyo inamfundisha mwanafunzi uongo. Katika injini hiyo, iliyoanza kazi karibu na Dudley, Uingereza, mwaka 1712 ili kuvuta maji machimboni, mvuke uliijaza silinda chini ya pistoni. Kisha maji baridi yakanyunyizwa ndani, mvuke ukageuka kuwa maji, na pakabaki ombwe. Hapo uzito wa hewa ya nje ndio ulioisukuma pistoni ishuke.

Jinsi jambo hilo lilivyochunguzwa ni habari ya mfano mdogo. Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, kilikuwa na mfano wa injini ya Newcomen uliotumika kufundishia. Katika majira ya baridi ya 1763-64, Profesa John Anderson alimpa James Watt, fundi wa vyombo vya hisabati chuoni hapo, kazi ya kuutengeneza. Silinda yake ilikuwa na kipenyo cha inchi 2, na pistoni ilikwenda inchi 6. Watt aliutengeneza, akauwasha. Mfano ulipiga mipigo michache, ukasimama. Boila ilionekana kubwa ya kutosha, lakini mvuke ulikwisha.

Watt hakuridhika kusema kwamba mfano ni mbovu. Aliona kuwa silinda ndogo ina eneo kubwa la kupoteza joto ikilinganishwa na ujazo wake, na kwamba shaba ya manjano hupitisha joto upesi. Akaunda mfano mwingine wenye silinda ya mbao iliyoloweshwa mafuta ya kitani na kukaushwa motoni. Akapima pia: maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi takriban mara 1,800 ya ile ya kwanza, kadirio lisilo mbali na kipimo cha leo cha karibu 1,700. Aliona vilevile kwamba mvuke kidogo huweza kuchemsha maji yaliyouzidi uzito mara sita. Joseph Black, aliyekuwa akifundisha chuoni hapo, alimweleza sababu yake, nayo ni joto fiche.

Basi kasoro ikajulikana. Silinda moja ilitakiwa iwe ya moto ili ipokee mvuke, na papo hapo iwe baridi ili iugeuze mvuke kuwa maji. Mwezi Mei 1765 Watt alipata wazo la kuzitenga kazi hizo mbili: silinda ibaki ya moto daima, na mvuke uende kugeuzwa maji katika chombo cha pembeni, yaani kondensa. Akalijaribu kwa bomba la shaba la waganga lenye kipenyo cha inchi 1¾ na urefu wa inchi 10. Likainua uzito wa ratili 18 hivi. Hataza ilitolewa mwaka 1769, na injini kubwa za kwanza za aina hiyo zikaanza kazi mwaka 1776.

Sisi tulio katika kazi ya istilahi twaweza kujifunza hapa. Istilahi nayo hujaribiwa kwa kuendeshwa. Tuchukue pendekezo la kuiita kondensa kipoza-mvuke. Likisimama peke yake katika orodha, linapendeza. Tuliweke sasa katika sentensi: kipoza-mvuke huupoza mvuke. Ombwe limetoka wapi? Mvuke waweza kupoa kidogo ukabaki mvuke. Ombwe hutokea kwa sababu mvuke umegeuka kuwa maji na kuacha nafasi tupu. Pendekezo hilo limepiga mipigo michache, likasimama.

Kwa hiyo hatusemi kwamba jina injini ya mvuke lifutwe. Limekwisha kuzoeleka, na injini zilizofuata zilisukumwa kweli na mvuke wenyewe. Tunachowaomba wafasiri na walimu ni kukichunguza kitenzi kinachofuata jina: nani anasukuma, nani anageuka, nani anaachia nafasi. Mfano wa Glasgow ungali umehifadhiwa katika makumbusho ya Hunterian ya chuo hicho. Ulikuwa chombo cha darasani tu, lakini uliposimama, palikuwa na mtu aliyeuliza kwa nini.