Mwangwi wa Terili

Ukitoka Posta ya Lubumbashi ukashika njia ya kiwandani, utakiona kilima cheusi cha masalia ya shaba, ambacho wenyeji hukiita terili, na dohani ndefu kando yake. Kampuni ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba hapo mwaka 1911. Wengi hukifuata kilima hicho kwa habari za madini. Mimi nilikifuata kwa habari za redio.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Mbelgiji Robert Goldschmidt, akiungwa mkono na Mfalme Albert I, alisimamia ujenzi wa vituo vya simu ya upepo kutoka upande wa Atlantiki hadi Élisabethville, kama mji ulivyoitwa. Ilikuwa Morse. Nukta moja ilidumu karibu sehemu ya kumi ya sekunde, hivyo wimbi lililogonga kilima likachelewa kidogo halikumsumbua mtu. Baadaye foni, yaani redio za kupitishia sauti, zilibeba bei za bidhaa na habari za misiba, na kampuni ya Telecel, aliyoianzisha Miko Rwayitare katika miaka ya 1980, ikaleta simu za analojia kwa wenye nazo. Sauti ilikwaruza, lakini sikio la mtu ni vumilivu.

Tarakimu hazina uvumilivu huo. GSM, mfumo wa simu za mkononi za kidijitali ulioenea mjini kupitia Celtel na Vodacom mwanzoni mwa miaka ya 2000, hurusha biti 270,833 kwa sekunde. Biti moja hudumu maikrosekunde 3.69, muda ambao wimbi husafiri kilomita 1.1 hivi. Mwangwi uliozunguka zaidi kwa umbali huo hufika pamoja na biti inayofuata, nazo zikapandana.

Dawa yake ilianzia kwenye nyaya. Mwaka 1965 Robert Lucky wa Bell Labs alionyesha jinsi modemu inavyoweza kujirekebisha yenyewe kulingana na laini ya simu. Laini hubadilika polepole. Simu iliyo ndani ya basi linalokimbilia Likasi hukuta njia mpya kila mara. Hapo ndipo nawapa sifa wahandisi wa Trondheim nchini Norwei, Torleiv Maseng na Odd Trandem, ambao historia huwapita haraka ikikimbilia simu ya kwanza ya GSM ya Finland, 1991. Norwei ni nchi ya milima, na mwangwi waliujua. Katika majaribio ya Paris mwaka 1986 ya kuchagua mfumo wa GSM, mtambo wao uliwatoa jasho wakubwa wa Ulaya.

Kila mpasuko wa GSM, yaani fungu la biti linalorushwa kwa mkupuo mmoja, una biti 148, na 26 za katikati simu inazijua tangu awali. Ni kama “Amina” kanisani: kila mtu anajua neno litakalosemwa, hivyo likisikika limevurugika utajua kuta zimelifanya nini. Simu hulinganisha ilichotarajia na ilichopata, hukadiria mwangwi, kisha hutafuta mfululizo wa biti unaoelekea zaidi kuwa ndio uliotumwa. Wakati wa maongezi hufanya hivyo mara 217 hivi kwa sekunde. Haihifadhi ramani ya mji. Terili yenyewe imekuwa ikichimbuliwa upya kwa ajili ya kobalti, na simu haijali.

4G ilipita njia nyingine: hugawa data katika vijito vingi vya polepole, kila alama ikidumu maikrosekunde 66.7, na kabla yake pana nafasi ya akiba ya kumezea mwangwi. Upole ule wa Morse umerudi kwa mlango wa nyuma. Lakini simu ndogo za vitufe zinazouzwa soko la Kenya, humu humu Lubumbashi, bado zinategemea zile biti 26.