Usipunguze Upepo wa Tairi kwa Kuogopa Joto la Garissa

Kwa miaka sita nimekuwa nikipakia nazi Malindi, napita Garsen na Hola, navuka daraja la Mto Tana pale Madogo na kushusha sokoni Garissa. Kurudi nabeba matikiti ya mashamba ya kando ya mto. Pikapu yangu ni ndogo, ya dizeli. Kwa muda mrefu niliamini kuwa faida yangu inaliwa na bei ya mafuta tu. Kumbe nyingine nilikuwa nikiimwaga mwenyewe.

Kosa langu kubwa lilikuwa upepo wa tairi. Wako madereva wanaoupunguza wakisema joto la huko litapasua tairi, nami nikawafuata. Siku moja, baada ya kupita Hola, tairi la nyuma lilipasuka nikiwa nimesheheni. Pikapu iliingia mchangani, na utingo wangu, mtoto wa dada yangu, akavunjika mkono.

Fundi aliyenisaidia ndiye aliyenifungua macho. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka. Kule kujikunja huzaa joto ndani yake, na joto hilo ndilo hulipasua. Tena injini hutumia mafuta zaidi kulisukuma. Tangu siku hiyo nafuata mambo haya.

Upepo. Pima asubuhi, gari kabla halijatembea. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Angalia kama kuna kipimo cha gari lenye mzigo. Tairi likipata moto njiani usilipunguze upepo. Ukikwama mchangani waweza kupunguza ili utoke, lakini jaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Mimi hubeba pampu.

Hesabu. Jaza tangi mpaka bomba likate lenyewe, uandike kilomita. Safari ikiisha jaza tena vivyo hivyo, kisha gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizotia. Kilomita 360 kwa lita 40 ni kilomita 9 kwa lita. Hesabu ikishuka ghafla na mzigo ni ule ule, kuna kasoro: pengine breki inashika, au mafuta yamechanganywa.

Mwendo. Njia ni tambarare na imenyooka, mguu hushawishika kukanyaga. Lakini ukitoka mwendo wa 80 hadi 100, nguvu ya upepo unaokuzuia huongezeka zaidi ya mara moja na nusu, na nguvu hiyo unailipia kwa mafuta. Funga turubai vizuri pia, lisipepee.

Vumbi. Ukiingia njia za mashambani, angalia chujio la hewa mara kwa mara. Dizeli ikikosa hewa hutoa moshi mweusi, na moshi huo ni mafuta yako yanayopotea.

Kusimama. Kwenye foleni ya kizuizi au sokoni, zima injini. Injini inayounguruma gari limesimama haikupi hata kilomita moja.

Bei. Mamlaka ya EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Mafuta hushushwa bandari ya Mombasa, na gharama ya kuyasafirisha huongezwa kwenye bei. Ndiyo maana Garissa ni ghali kuliko kwetu Pwani, na Mandera ghali zaidi. Basi jaza tangi kabla hujaondoka. Yale ya kwenye madumu kando ya barabara yaache: yakiwa yamechanganywa na mafuta ya taa, huila pampu ya dizeli, na kuitengeneza ni fedha nyingi.

Kwa upepo sawasawa na mwendo wa 80, daftari langu limetoka kilomita 9 hadi 10 kwa lita. Kwa kilomita 360, hizo ni lita 4 zimebaki kwenye tangi, na kurudi lita 4 nyingine.

Lakini si hizo lita zinazoniamsha alfajiri na kipimo mkononi. Mkono wa mpwa wangu umeunga, ila haujanyooka, na kila anapoinua gunia la nazi nauona.