Baada ya medali, bingwa huenda wapi?

Msikilizaji, mwezi Aprili mwaka 1987 kiongozi mmoja mkubwa wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, Bwana Al Campanis, alihojiwa katika televisheni ya Marekani. Aliulizwa ni kwa nini watu weusi wanaong'ara uwanjani hawapewi nafasi ya kuziongoza timu. Akajibu kwamba pengine hawana sifa zinazohitajika kwa uongozi. Kisha, kana kwamba hilo halikutosha, akaongeza kuwa watu weusi si waogeleaji wazuri kwa sababu miili yao haielei majini. Siku mbili baadaye hakuwa na kazi.

Yeyote aliyewahi kusimama jioni pale Forodhani, Unguja, akatazama watoto wanavyojirusha kutoka ukutani hadi baharini na kuibuka wakicheka, atajua kwamba bwana yule alikuwa hajui asemalo. Lakini neno la mkubwa halifi kwa kuchekwa. Hufa kwa kujibiwa. Na mtu aliyekuja kumjibu, bila ya kutaja jina lake hata mara moja, alikuwa kijana wa miaka 20 kutoka nchi ambayo wengi wetu tungeitafuta kwenye ramani kwa kidole. Kijana huyo ni Anthony Nesty wa Suriname. Leo nataka tuzungumze habari zake, kwa sababu hoja za Campanis zilikuwa mbili, na Nesty alizijibu zote mbili. Ya pili aliijibu kwa sekunde 53. Ya kwanza ilimchukua miaka 30.

Suriname iko kaskazini mashariki mwa Amerika ya Kusini. Ilitawaliwa na Uholanzi hadi mwaka 1975, na wakati ule wa Nesty wakazi wake hawakufika nusu milioni. Nesty mwenyewe alizaliwa Trinidad mwaka 1967, akahamishiwa Suriname na wazazi wake angali mtoto mchanga. Alianza kuogelea akiwa na miaka mitano, katika nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50. Mwaka 1984, akiwa na miaka 16, alishiriki Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles katika mita 100 za mtindo wa kipepeo, akashika nafasi ya 21. Wengi hurudi nyumbani na nafasi ya 21 wakaridhika nayo. Yeye alipelekwa Jacksonville, jimbo la Florida, katika shule ya Bolles, chini ya kocha aitwaye Gregg Troy. Tuliweke jina hilo kichwani, tutakutana nalo tena.

Ikaja Seoul, mwaka 1988. Katika mbio hizo hizo za mita 100 alikuwapo Mmarekani Matt Biondi, jabali la kuogelea la wakati ule, aliyeondoka katika michezo hiyo na medali saba, tano kati yake za dhahabu. Tarehe 21 Septemba Biondi aliongoza karibu mbio nzima. Alipofika karibu na ukuta alijikuta katikati ya mapigo mawili: umbali uliobaki ni mfupi kwa pigo zima, ni mrefu kwa kunyoosha mkono. Akachagua kuteleza. Nesty, katika mstari wake, pigo lake lilimkuta ukutani sawasawa. Ubao wa saa ukaandika: Nesty 53.00, Biondi 53.01. Baadaye Biondi alijiuliza mwenyewe mambo yangekuwaje lau kucha zake zingekuwa ndefu kidogo.

Ndivyo mtu mweusi wa kwanza wa kiume alivyotwaa dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea kwa mchezaji mmoja mmoja. Suriname ilishangilia. Walitoa stempu na sarafu kwa heshima yake, ndege ikapewa jina lake, ukumbi wa michezo mjini Paramaribo nao ukaitwa Anthony Nesty. Mwaka 1991 akawa bingwa wa dunia mjini Perth, Australia, na mwaka 1992 akapata shaba mjini Barcelona.

Hapa ndipo masimulizi ya mabingwa wetu wengi hukomea. Bingwa kashinda, kapokewa kwa ngoma, kapigwa picha na wakubwa, na kwaheri. Mimi naona hapa ndipo mambo yanapoanza.

Baada ya Seoul Nesty alijiunga na Chuo Kikuu cha Florida, mjini Gainesville, akakiogelea chuo hicho na kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani katika mtindo wa kipepeo mwaka 1990, 1991 na 1992. Tukumbuke chuo chenyewe ni cha namna gani. Kilikuwa hakipokei mwanafunzi mweusi hata mmoja hadi mwaka 1958. Na katika jimbo hilo hilo, mji wa St. Augustine, mwezi Juni mwaka 1964, wanaharakati weusi na weupe waliingia pamoja katika bwawa la hoteli moja kupinga ubaguzi, na meneja akaimimina asidi ndani ya maji wakiwa wamo. Picha ya kisa hicho ilizunguka dunia nzima. Kwa hiyo bwawa la kuogelea Florida lilipata kuwa uwanja wa vita. Na wazazi waliozuiwa kuingia bwawani hawakuwa na kitu cha kuwafundisha watoto wao. Ujinga ule wa Campanis ulianzia hapo: watu walifungiwa maji, halafu wakachekwa kwamba hawajui kuogelea.

Nesty alipoacha kushindana akashika kazi ya ukocha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Gregg Troy, yule mwalimu wake wa Jacksonville, alipewa timu ya Chuo Kikuu cha Florida, na Nesty akawa msaidizi wake. Msaidizi, msikilizaji. Mtu ambaye nyumbani kwao ndege iliwahi kupewa jina lake, hapa alisimama kando ya bwawa alfajiri na saa mkononi, akihesabu mapigo ya vijana ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa aliposhinda Seoul. Alikaa katika nafasi hiyo ya usaidizi karibu miaka 20.

Pengine mtu atauliza, ukocha wa chuo una uzito gani? Marekani una uzito mkubwa. Waogeleaji wao wengi wa Olimpiki hupikwa vyuoni. Kocha mkuu ndiye anayezunguka kutafuta vijana, ndiye anayeamua nani apate ufadhili wa masomo, ndiye anayefuatilia hata alama za darasani, kwa maana anayeshindwa masomo haruhusiwi kushindana. Sheria za michezo ya vyuo humpa saa 20 tu kwa wiki za mazoezi ya lazima, na ndani ya saa hizo lazima amtengeneze mwenye kasi ya mita 50 na mwenye pumzi ya mita 1,500. Ni ualimu, ni ulezi, na ni uongozi. Yaani ni kazi ile ile ambayo Campanis alidai mtu mweusi hana sifa zake.

Mwaka 2018 Troy aliondoka, na Nesty akawa kocha mkuu wa timu ya wanaume. Ilikuwa miaka 30 kamili baada ya Seoul. Mwaka 2021 akakabidhiwa na timu ya wanawake. Mwanafunzi wake Bobby Finke alishinda dhahabu mbili mjini Tokyo mwaka huo, mita 800 na mita 1,500. Miezi michache baadaye Katie Ledecky, ambaye tayari alikuwa malkia wa masafa marefu duniani, alihama California na kuja Gainesville kufanya mazoezi chini yake. Mwogeleaji wa kiwango hicho angeweza kuchagua kocha yeyote. Alimchagua Nesty, na mjini Paris mwaka 2024 aliondoka na dhahabu mbili nyingine, akafikisha tisa za maisha yake.

Ni katika michezo hiyo ya Paris ndipo Marekani ilipomteua Nesty kuwa kocha mkuu wa timu yake ya wanaume. Hapakuwa na mtu mweusi aliyewahi kushika nafasi hiyo katika timu ya Olimpiki ya kuogelea ya Marekani. Hoja ya uongozi ikawa imejibiwa.

Sitaki kumpamba mtu kupita kiasi. Paris haikuwa sherehe kwa wanaume wa Marekani. Walivuliwa ubingwa wa kupokezana mitindo minne na China. Katika mbio za mchezaji mmoja mmoja walipata dhahabu moja tu, nayo ilipatikana siku ya mwisho, pale Finke alipoogelea mita 1,500 kwa dakika 14 na sekunde 30.67 na kuvunja rekodi ya dunia iliyodumu tangu mwaka 2012. Na katika mita 100 za kipepeo, mbio zilizomfanya Nesty awe Nesty, mwanafunzi wake Caeleb Dressel, aliyekuwa bingwa wa Tokyo, alishindwa hata kuingia fainali. Aliyepata fedha ni kijana mweusi wa Kanada, Josh Liendo, naye alikuwa mwanafunzi wa Nesty huko huko Gainesville. Kocha alikuwa na mwanafunzi mmoja wa kumpongeza na mwingine wa kumfuta machozi, na yule wa kupongezwa hakuwa hata wa timu aliyoiongoza. Huo ndio ualimu. Mchezaji hushinda au hushindwa peke yake. Mwalimu hupata yote mawili kwa siku moja.

Sasa turudi nyumbani. Katika Seoul ile ile ya mwaka 1988 alikuwapo kijana mwingine aliyezaliwa mwaka 1967 kama Nesty, naye pia akisoma chuo cha Marekani. Huyo ni Paul Ereng wa Kenya, aliyetwaa dhahabu ya mita 800. Naye baadaye alikuwa kocha wa mbio za nyika wa chuo kikuu, mjini El Paso, Texas. Wawili hawa, mmoja wa maji na mmoja wa nchi kavu, walizipa nchi zao medali. Ujuzi wao wa miaka yote iliyofuata waliupata vijana wa Marekani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Florida na Texas wamepona kweli.

Siwalaumu. Mtu huenda palipo na kazi, bwawa na mshahara. Suriname ilimpa Nesty stempu, Florida ikampa ajira. Na sisi Afrika Mashariki tu hodari wa stempu. Tunapokea mabingwa uwanja wa ndege, tunaipa barabara jina, halafu tunamwachia mtu atafute riziki yake kivyake. Wachache, kama Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, walijikaza wakaanzisha shule zao wenyewe. Lakini bingwa kujikaza peke yake si mpango wa taifa. Kila anayestaafu bila kupewa watoto wa kufundisha anaondoka na darasa zima kichwani mwake, na kijana anayefuata inabidi aanze upya.

Tuna bahari, tuna maziwa, na wale watoto wa Forodhani bado wanajirusha majini kila jioni. Mwili wao unaelea vizuri tu. Wanachokosa ni mtu mzima aliyesimama kando na saa mkononi, anayelipwa kusimama pale, na atakayekuwa pale pale miaka 20 baadaye.

Kwa leo nakomea hapa. Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.