Kwanza Upepo, Winchi Baadaye

Wateja wengi wanaokuja gerejini kwetu Madale, Dar es Salaam, huamini mkonga wa Land Cruiser umewekwa kwa ajili ya kuvuka mito. Maji unayavuka, sawa, lakini huku kwetu kazi yake kubwa ni vumbi. Injini inavuta hewa ya juu, iliyo safi kidogo, badala ya ile inayotimuliwa na tairi. Anayekwenda Ziwa Natron, au Chalbi kaskazini mwa Kenya, ajue kwamba vumbi huua injini kimyakimya.

Ufundi wa kuandaa gari la jangwani ni wa zamani kuliko fowili zetu. Miaka ya 1920 ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Misri, Ralph Bagnold, aliingia na wenzake katika Jangwa la Libya kwa Ford Model T, baadaye Model A. Magari hayo yaliendeshwa na magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo dawa ikawa kuyapunguzia uzito. Upepo wa tairi nao waliupunguza, ili tairi ilalie mchanga isiuchimbe. Walibeba mabamba marefu ya chuma, yaliyopatikana kwa muuza chakavu wa Cairo, wakayatandika mbele ya tairi iliyozama. Mvuke wa rejeta waliupeleka kwa bomba kwenye dumu la maji pembeni. Ukapoa humo, na maji yakarudi kwenye rejeta. Mwaka 1940 ujuzi huo ukazaa kikosi cha Long Range Desert Group.

Land Rover ilizinduliwa 1948, na haikuchukua muda ikawa gari la mabwana shamba, wamisheni na askari wa wanyamapori. Mzee aliyenifundisha kazi, aliyezeekea chini ya magari hayo, hakutoka mjini bila hafu shafti ya akiba. Gari likizama na dereva akakanyaga mafuta kwa hasira, hiyo ndiyo hukatika. Alikuwa akituambia: jua kwanza kitakachovunjika, ndipo ufunge mzigo.

Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, yalithibitisha maneno yake. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi, na gari aliliandaa kwa macho ya fundi. Baada ya mashindano kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, magari ya kisasa kabisa yalifungwa mikonga kwa sababu ya vumbi laini kama unga.

Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilitoka 1984, na injini ya 1HZ ikafuata 1990: dizeli ya lita 4.2, silinda sita, bila turbo. Mafundi wa vijijini waliipenda kwa kuwa ukiwa na spana na akili unaitengeneza porini. Hata hivyo haikuondoa kazi ya maandalizi. Ea klina lazima ifunguliwe na kukung'utwa kila jioni, majani ya springi yakaguliwe, na maji ya kunywa yasichanganywe hesabu na ya rejeta.

Madale hatuna jangwa. Tuna mchanga wa njia za ndani kuelekea Mbopo, ambao kiangazi unatosha kufundishia. Kijana akija na gari la mkononi akitaka keria kubwa, safu ya taa na winchi, namkabidhi kwanza geji na kompresa ndogo. Ashushe upepo kutoka psi 35 hadi 18, apite mchangani taratibu bila kusukumwa, kisha aujaze tena kabla ya kugusa lami, maana tairi yenye upepo mdogo ikikimbizwa barabarani hupata moto na kupasuka. Akishaweza hayo, namfungia winchi yake, kama bado anaitaka.