Injini ya Japani na hadithi ya kilomita 50,000

Kaka kaniuliza kwenye simu eti sheria ya Japani inalazimisha watu kubadili injini kwenye kilomita 50,000. Hakuna kitu kama hicho! Sheria yao ya 1951 inadai ukaguzi tu: breki, taa, moshi. Ila mpaka 1995 gari la zaidi ya miaka 10 lilikaguliwa kila mwaka, kwa gharama kubwa, wengi wakaona heri kuliachia. Kwa hiyo injini zilizokuja kwetu zilichanganyika, nzima na hoi. Kaka, fundi aizungushe kwa stata, apime kompresheni silinda zote, zisipishane sana (sisi manesi tungesema presha). Afungue na kifuniko cha oili. Akikuta uji mweupe, huenda maji yameingia. Muuzaji akikataa vipimo, ondoka na hela yako.