Kabati la Ramani

Msomaji wangu, ukisimama Kisaju ukatazama nyanda za Kaputiei, utaona nyua za waya kila upande. Usidhani kwamba mipaka hiyo ni ya tangu zamani. Kwa mapatano ya mwaka 1911, Wamaasai wa Laikipia walihamishwa wakaletwa katika eneo la kusini walilotengewa. Sheria ya mwaka 1968 ikaleta ranchi za vikundi. Na mwaka 1988 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapata sehemu yake. Mwaka 2004 wenyeji na wataalamu walianza kuzichora nyua katika ramani, ipate kujulikana njia zilizowabakia nyumbu na mifugo.

Ramani za mambo kama hayo ni mashahidi. Mzee akifariki, na jiwe la mpaka likang'olewa, ramani ndiyo itakayoulizwa. Je, imehifadhiwa wapi? Mwaka 1939 moto uliteketeza majalada mengi katika ofisi kuu ya serikali huko Nairobi, na hata leo mwanahistoria huyatafuta asiyapate.

Basi, maktaba ikitaka kununua kabati la ramani, isitazame bei tu. Kabati jema ni la chuma, na rangi yake iwe imekaushwa kwa moto. Kwani mbao hutoa asidi inayodhoofisha karatasi, tena ni chakula cha mchwa. Saraka zake ziwe pana na za kina kidogo, kama sentimita 5, ili ramani zilale pasipo kukunjwa. Maana penye mkunjo ndipo karatasi ianzapo kukatika. Zikirundikwa nyingi katika saraka moja, ile ya chini itararuka ikivutwa. Kabati na liinuliwe kiasi cha sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa sababu udongo wetu mweusi haunywi maji upesi wakati wa masika. Tena lisiwekwe ghorofani bila kumwuliza fundi, kwani likijaa huwa zito mno.

Hata hivyo chuma hakizuii joto. Moto ukiwa mkali, kabati husimama na karatasi zikaungua ndani yake. Kwa hiyo hapana budi nakala ya kila ramani iwekwe katika jengo jingine.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tulioona ardhi ikigawanywa mara kwa mara tuongeze: daftari nalo lahitaji mahali pa kulala salama.