Chuma kilichokula sumu ya kisimani

Miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, Glenn Reynolds alikuwa anapima kitu kisicho na mvuto kabisa: je, mabomba ya visima vya uchunguzi yanaharibu sampuli za maji? Aligundua kwamba viyeyusho vya klorini, jamii ya TCE ya kuondolea grisi kwenye vyuma, hupungua vikigusana na chuma. Kwa mpimaji, hiyo ni kero tu. Profesa Robert Gillham akaona dawa ya maji ya ardhini yenye sumu.

Chuma kinapopata kutu huachia elektroni, nazo hung'oa klorini kwenye molekuli. Mwaka 1991, kambi ya jeshi ya Borden, Ontario, walizika ukuta wa chenga za chuma na mchanga. Maji yakapita yenyewe, bila pampu, na takriban asilimia 90 ya TCE ikatoweka.

Bakteria je? Mwaka 1997 watafiti wa Cornell, Marekani, walimtangaza Dehalococcoides, anayeweza kuvua klorini zote hadi ibaki ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi. Bakteria wengine huishia njiani, wakiacha vinili kloridi inayosababisha saratani. Yaani afadhali wasingeanza! Huyu anahitaji hidrojeni, na chuma kikipata kutu pasipo oksijeni huitoa.